Studio ya Kikapuni

Godlove alikuwa ameuza vyombo vya muziki Kiboriloni miaka tisa, na alijisifu kwamba humjua mteja kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo mama mmoja mtu mzima alipoingia na kikapu, alijua anatafuta kinanda cha mjukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Elisifa, natoka Machame. Nataka studio."

"Studio, mama?"

"Ya kurekodia nyimbo. Lakini yote iingie humu," akasema akikiweka kikapu juu ya kaunta, "na niibebe mwenyewe."

Akaeleza. Alipiga kinanda kanisani miaka thelathini na mmoja, rafiki yake Stella akiimba sauti ya pili. Mwaka jana Stella alipatwa na kiharusi, akawa mtu wa kitandani; sauti ya kuimba tu ndiyo iliyobaki nzima. Nyimbo nane walizotunga pamoja hazijawahi kurekodiwa.

"Hawezi kushuka mjini. Basi studio itamfuata."

Godlove akamshushia kinanda kirefu chenye taa na midundo ya kila aina. Elisifa akakibonyeza mara mbili, akatikisa kichwa. "Hiki kinapenda kuongea chenyewe." Kompyuta nayo akaikataa: kule juu mvua ikianza tu, umeme unakatika.

Ndipo Godlove akaikumbuka sintesaiza ndogo ya betri, kinanda cha kujiundia sauti, iliyokaa rafuni miaka miwili kwa sababu vitufe vyake vya kuzungusha viliwatisha watu. Elisifa akavaa miwani. "Hiki kinafanya nini? Na hiki?" Akavizungusha kimoja kimoja, taratibu, kama anayeonja mchuzi. Baada ya nusu saa ikatoka sauti iliyomfanya Godlove amsahau mteja mwingine aliyesimama mbele yake: pumzi kwanza, kisha noti nzito, yenye kutetemeka kidogo.

"Vinanda vya zamani vya kukanyaga vilivuta pumzi kabla ya kulia," Elisifa alisema. "Stella huanza kuimba hapo."

Miaka miwili Godlove alikuwa akiuza kitu asichokijua. Aliona haya, tena akafurahi.

Kwenye vinasa sauti, mama alimwamuru atembee dukani akiongea, kisha akasikiliza kila kimoja kilivyomnasa. Akachagua kile kidogo, cha kuwekwa mezani, ili Stella asiogope kitu kilichoelekezwa mdomoni. Hedifoni akataka mbili. "Naye asikie."

Wiki tatu baadaye Elisifa alipiga simu: nyimbo zinahamishwaje kutoka kwenye kinasa? Godlove angeweza kumweleza kwenye simu. Akapanda Machame.

Aliwakuta chumbani kwa Stella, sintesaiza juu ya stuli, Stella ameegemea mito, hedifoni juu ya kilemba. Aliimba kwa sauti ya chini, imara, bila kutafuta noti hata moja. Godlove akabaki mlangoni, viatu mkononi.

"Umeukimbiza ubeti wa tatu," Stella akamkemea mwenzake, maneno yakimtoka kwa shida. "Rudia."

Elisifa akacheka, akarudia. Walipomaliza, Stella akageuza macho mlangoni.

"Nani huyu?"

"Mwenye duka."

"Anaimba besi?"

Godlove hakuwa ameimba tangu kipaimara. Akaweka viatu chini, akavuta kiti.