Maji Aliyoyamwaga Victorine

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Juni 1956, Pacifique alifika kijijini kwao Wamaza kwa baiskeli, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Mama yake, Victorine, alijua alichokuja kuomba, na hasira ilikuwa imekwisha kumpanda kabla kijana hajashuka.

Timu ya mpira ya koleji ya mapadri aliyosoma huko Kasongo ilikuwa imeshinda mechi tisa mfululizo. Ya kumi, ya kugombea kombe, ingechezwa Jumapili. Jumapili hiyohiyo Victorine alikuwa amepanga kuondoa matanga ya mumewe, na mtoto wa kwanza ndiye anayefagia majivu ya moto wa msiba. Pacifique alieleza kwa upole kwamba mapadri wamekataa kuahirisha, na kwamba mdogo wake Heri angefagia badala yake. Kisha akapiga magoti, akaomba maji. Kwao, mwana anayekwenda safari au mashindanoni huinama mbele ya mama yake, naye humbariki kwa kumpulizia kifuani maji ya kinywa chake. Ni lazima mwana aombe. Mama hawezi kumpa asiyeomba.

Victorine alichukua kikombe, akamwaga maji chini, mbele ya magoti ya mwanawe.

"Kama mupira ndiyo baba yako," akasema, "basi uende uombe maji kwake."

Shangazi Safi, dada wa marehemu, aliyekuwa ameketi karibu, alicheka, akauliza kama huo mpira nao utanyolewa nywele za msiba.  Pacifique alipangusa magoti, akapanda baiskeli.

Walishinda, mabao matatu kwa moja, na bao la mwisho alilifunga yeye. Habari ililetwa na dereva wa lori la pamba, pamoja na jezi nyeupe ya Pacifique iliyofuliwa na neno kwamba iwekwe kwenye kaburi la baba. Victorine aliishika jezi ile mapajani mpaka jua likazama.

Likizo ilipofika Pacifique alirudi, na miaka iliyofuata vilevile, mpole, na chumvi na kitenge mkononi. Kila alipojiandaa kuondoka, mama yake alijaza kikombe, akakiweka karibu na mlango, akingojea magoti yale.

"Mama, nakwenda," ndilo neno pekee alilosema Pacifique, akimshika mkono.

Mara ya mwisho alikisogeza kikombe kando, taratibu, baiskeli isije ikakiangusha.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, msomee hadithi hii mama mwingine ambaye mwanawe bado anapiga magoti.