Fomu ya Shemeji

"Hivi mama, kwani Mungu naye anasoma fomu za ofisini?" jirani aliniuliza siku aliponikuta kibarazani na karatasi magotini, kidole kikifuata mstari.

Nilicheka, lakini sikuiweka chini.

Nafagia na kupika chai katika ofisi ya maji. Kazi hiyo alinitafutia shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, karani wa masjala. Zilipoletwa kanuni za maadili, kila mtumishi alitakiwa asome kijitabu, ajaze fomu yake na kuapa. Shemeji ndiye aliyepewa kazi ya kuzikusanya. Ili amalize haraka, alichomoa kurasa za mwisho tu, akazipitisha meza kwa meza watu watie sahihi. Mimi nilitaka kijitabu kizima.

"Shemeji, huu si mtihani," alisema. "Tia sahihi, chai inapoa."

Nilisoma siku tatu. Fomu iliuliza kama nina ndugu wa damu au wa ndoa hapo kazini, na kama ndiye aliyeniingiza. Chini yake: naapa mbele ya Mungu. Nikamuuliza nijibuje.

"Andika huna. Wote tumeandika hatuna. Hata yule binti wa mapokezi, naye humwita mkuu wetu wa ofisi mjomba mchana kweupe!"

Nilisali nikaomba nionyeshwe njia. Kijitabu kiliahidi kwamba asemaye kweli hatadhurika. Nikaona basi, sote wawili tuko salama. Nikaandika jina lake, fomu nikaipeleka mwenyewe kwa mkuu. Sikujua ulinzi ule ulikuwa wangu peke yangu.

Baada ya wiki mbili mkuu alituita ukumbini. Wakubwa wa juu walitaka kuona kanuni zinafanya kazi, akasema. Akasoma barua: karani wa masjala ameachishwa kazi kwa kuapa uongo. Miaka kumi na tisa ya kazi. Kisha akanisimamisha mimi, nipigiwe makofi.

"Na wa mapokezi je?" dereva aliuliza kutoka nyuma.

"Fomu yake inasema hana ndugu hapa," mkuu alijibu, akakunja barua.

Shemeji alinikuta jikoni. Nilikuwa nasuuza vikombe vilivyokwisha kuwa safi.

"Nisamehe, shemeji. Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ndiyo maana hata kukutukana nashindwa." Aliegemea mlango. "Kaka alipokufa, nani alilala mlangoni kwako wiki nzima ili usiogope?"

"Wewe."

"Nani aliwapeleka wanao shule?"

"Wewe, shemeji."

"Sasa niambie wewe unayesali. Ungeandika huna, halafu ukatubu, Mungu angekufukuza?"

Nilichukua tena kikombe kilekile, nikakisuuza. Maji yalikuwa yakimwagika kwenye karai.

Alifungua mkufu wa funguo, akatoa ule wa masjala, akauweka kando ya vikombe, akatoka.