Faili la Sabuni

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, sare za shule zikiwa zimepigwa pasi na kutundikwa, bibi alifunika cherehani yake, akanawa mikono, akavuta kiti hadi kwenye kompyuta ya nyumbani. Kompyuta ilikaa sebuleni, kati ya friji na dirisha, mahali ambapo yeyote anayekwenda kunywa maji lazima apite nyuma ya mgongo wako. Aliondoa kitambaa alichokifuma mwenyewe, akakikunja mara nne, akabonyeza kitufe na kusubiri.

Kwenye kioo yalitokea maduara manne. La mwanawe, mpima ardhi, lilikuwa na picha ya gari asilokuwa nalo. La mkazamwana, muuguzi, lilikuwa na ua. La mjukuu, msichana wa sekondari, lilikuwa na paka mwenye miwani. Hayo matatu yalidai neno la siri. La nne lilikuwa na kivuli cha kichwa kisicho na uso, chini yake pameandikwa MAMA, nalo lilifunguka kwa kuguswa tu, kama mlango wa choo uliopoteza komeo.

Siku kompyuta ilipoletwa, bibi aliomba naye awekewe neno la siri. Mwanawe alimjibu kwa upole, maana alikuwa mtoto mwenye adabu.

"Mama, siri gani tena hizo? Ukilisahau hilo neno, nani atakufungulia?"

Basi akarudi kwenye cherehani. Lakini jambo alikuwa nalo. Mumewe, fundi saa, alikuwa na miaka tisa kaburini, na bibi alishaona kwamba anaanza kufifia, kama alama ya chaki kwenye nguo iliyoshikwashikwa. Akaamua kumwandika, kila Jumamosi ukurasa mmoja. Daftari lisingefaa, vidole vilivyosukuma sindano miaka arobaini havikushika tena kalamu, viliweza kubonyeza tu. Ili asisomwe, faili akaliita ORODHA YA SABUNI. Alijiambia hakuna mja wa Mungu aliyewahi kutamani kusoma orodha ya sabuni.

Hapo alikosea. Mkazamwana alikuwa mtu wa kupanga mambo, na Jumatatu, kabla ya kwenda dukani, alifungua faili aone nyumba imeishiwa nini. Akakuta ukurasa wa kwanza, unaoeleza jinsi marehemu alivyokuwa akicheka: kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu anayeonja chai ya moto, kisha anajipiga paja mara tatu. Akausoma wote, akaenda dukani bila orodha.

Jumanne asubuhi redio ilisema jambo la kuchekesha, na mkazamwana akacheka kwa kuvuta pumzi ndani, akajipiga paja mara tatu. Yeye mwenyewe aliona ni kifua tu kimebadilika, labda hali ya hewa. Bibi alimtazama, akawaza kwamba mwanamke huyu ana kicheko kizuri. Moyoni alihisi kama mtu aliyekwisha kufunga mlango akakumbuka kuna kitu amekiacha ndani, asijue ni kitu gani. Jumamosi alipofungua faili ndipo akajua. Alisoma habari za kicheko kile kama mtu anavyosoma gazetini habari za watu asiowafahamu. Kichwani mwake hakikuwamo tena.

Ukurasa wa pili, wa mwendo, ulisomwa na mwanawe, aliyesema anahakikisha Mama hajaharibu mashine. Tangu siku hiyo akawa anaburuta kidogo mguu wa kushoto, na kila akipita chini ya saa ya ukutani alisimama akaitegea sikio. Bibi akabadilisha jina la faili, likawa DAWA YA MENDE. Kumbe wiki hiyo jikoni kulikuwa na mende. Ukurasa wa tatu, wa mikono, ukamwendea mjukuu. Msichana alikuja na saa ya bibi ya mkononi, iliyokuwa imekufa tangu siku ya msiba, akaiweka mezani ikitembea.

"Bibi, nimesoma faili lako. Nisamehe."

"Umesoma lote?"

"Pale pa mikono tu."

"Haya. Kanawe, una mafuta vidoleni."

Msichana aliomba radhi kwa moyo mweupe, na ndiye peke yake aliyeomba. Kusoma hakuacha.

Ukurasa wa nne ulikuwa wa sauti. Huo tena aliusoma mwanawe, na kesho yake, wakila chakula cha mchana, aliomba chumvi kwa sauti ya marehemu. Wakampa chumvi.

Bibi alimfuata mara ya pili. Alimkuta barazani anapiga viatu rangi.

"Mwanangu, mkisoma yangu, yananitoka. Niwekee kufuli."

"Yanatoka yaende wapi, Mama? Si yamo humu humu ndani?" alisema kwa ile sauti. "Hakuna kilichopotea."

Mkazamwana, aliyekuwa anaanua nguo, aliuliza kama Mama amepata mchumba wa siri, akacheka kwa kuvuta pumzi ndani. Bibi alikisikiliza kicheko mpaka mwisho, kisha akarudi ndani. Utamjibu nini mtu anayekutania kwa kicheko ambacho faili linasema ni cha mumeo?

Likabaki jambo moja ambalo hakuwa ameliandika: jina. Siku za uchumba, marehemu alipokuja kumchukua, bibi alipaza sauti kutoka ndani, "Dakika moja," kisha akaendelea kushona hadi amalize pindo. Fundi saa alingoja nje kwenye kiti cha wateja, hana neno. Siku moja alimwambia kwamba ndani ya hiyo dakika yake ametengeneza saa tatu za watu, na toka hapo akamwita Dakika. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Sasa alikuwa Mama, alikuwa Bibi, alikuwa fundi wa sare.

Jina hilo alilibeba Jumamosi tatu bila kuliandika. Lilikuwa lake peke yake, ila lilikaa ndani yake pasipo sauti ya kulitamka, kama koti lililobaki msumarini, mwenye mabega kaondoka. Sauti yenyewe ilikuwa barazani, inauliza soksi ziko wapi. Akilificha jina, hatalisikia tena hadi aingie kaburini. Akiliandika, litaitwa, na kitakachomtoka alikijua vizuri.

Akasali, akakaa kusubiri jibu. Jibu halikuja, naye hakumwekea Mungu kinyongo. Akaondoa kitambaa, akakikunja mara nne, akaandika ukurasa wa tano. Kisha akalibadilisha faili jina kwa mara ya mwisho: SIRI YA MAMA, MTU ASISOME.

Jumapili mwanawe alilifungua kabla hajavua viatu vya ibada.

Jumatatu alasiri bibi alikuwa kwenye cherehani anamalizia pindo la sketi, na mjukuu ameketi mkekani anachomoa nyuzi. Sauti ikaita kutoka sebuleni.

"Dakika! Chai inapoa."

Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kungoja asilalamike. Bibi aliinua kichwa akatazama mlangoni aone anayeitwa ni nani. Hakuona mtu. Akawaza kwamba mwanamke mwenye kuitwa vile ana bahati, akamwonea wivu kidogo, akamwomba Mungu msamaha kwa wivu huo, akarudi kwenye pindo.

"Dakika," sauti ikaita tena, taratibu.

"Bibi," mjukuu akasema, "ni wewe unaitwa."

"Mimi?"

"Wewe."

Bibi alifikiri, mguu ukiwa juu ya kanyagio. Pindo lilibaki kama shubiri moja.

"Mwambie dakika moja," alisema, akaendelea kushona.

Sebuleni mpima ardhi alivuta kiti, akakaa, akaitegea sikio saa ya ukutani, akangoja, hana neno. Pembeni yake kompyuta ilikuwa inawaka. Maduara matatu yalidai neno la siri. La nne lilikuwa wazi, na mkazamwana, akienda kunywa maji, aliligusa aone kama Mama ameandika jipya.