Uvundo Ndani ya Pembe ya Mwalimu

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Basi hakuna mhenga aliyewahi kuingiza kichwa ndani ya pembe ya Mwalimu Ambakisye.

Leonia aliingiza. Alitambaa mpaka mabega yakafika pembamba, viwiko vikiungua kwenye bati lililochemshwa na jua la Chilangala, na harufu ikampiga kofi la uso. Mate yakamjaa kinywani. Akarudi kinyumenyume, akashika nguzo, akatema.

"Kuna nini?" Mwalimu aliuliza kutoka chini.

"Choo."

"Popo hao."

"Mwalimu, mimi ninanyonyesha. Mavi ya popo na mavi ya mtu siwezi kuyachanganya."

Mwalimu Ambakisye alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, kaletwa kufundisha sayansi, na jioni aliwafundisha watu wazima wa kijiji kipya cha ujamaa. Pembe aliiunda mwenyewe kwa bati. Mdomo wake ulikuwa mpana kama mlango wa nyumba na ulitazama juu. Nyuma ulisinyaa ukawa koo la kupitisha ngumi, na mwisho wa koo palikuwa na bomba la shaba. Humo ndimo lilimokaa sikio, kijiwe kidogo chenye waya mwembamba, na waya ukaenda kwenye saa ya kupimia yenye mshale. Kila chenye joto, alifundisha Mwalimu, hutoa mawimbi: jua, moto, nyota, mtu. Jicho haliyaoni, ila pembe huyakusanya na kuyamwaga sikioni. Lakini sikio la moto hujisikia lenyewe, kama mtu anayetafuna muwa mkutanoni. Ndiyo maana wataalamu wa nchi za mbali hulipoza kwa hewa iliyobanwa mpaka ikawa maji, baridi ambayo ndani yake chuma huacha ubishi na umeme hupita bila kuzuiwa na kitu.

Chilangala walilipoza kwa gunia lililoloweshwa. Na gunia hilo ndilo lililoleta maneno, maana maji ya Chilangala yanapanda mlima kichwani mwa mwanamke.

"Kijiji kizima tunakinga mvua kwa masufuria," Mwenyekiti Halfani alisema siku moja, "mwenzetu amelikenulisha bati mbinguni, halafu hataki likinge maji. Tena analinywesha."

Watu walicheka. Kisha ndege za kivita za Mreno zikapita upande wa Mto Ruvuma, kicheko kikakatika, na neno likawa jingine: pembe inaziita. Kamati ikaamua kwamba Jumamosi Mwalimu aonyeshe mbele ya watu kuwa chombo chake husikia tu. Kikitazama anga tupu mshale ulale, mtu akisimama mdomoni uinuke. Ukikataa, bati likatwe mifereji, na Mwalimu apelekwe kwa wanajeshi akajieleze huko.

Leo ilikuwa Ijumaa, na mshale ulikuwa umekwama juu, haulali hata kwa gunia la maji. Mwalimu alikuwa amepekua nyaya zote. Likabaki koo: kikinasa humo kitu chenye joto, sikio husikia hicho tu; na mabega ya Mwalimu hayakuingia.

Leonia alijifunga kitambaa puani, akachukua kijiti na majani ya mkorosho, akarudi ndani. Hakuwa analipenda bati. Alichokipenda ni ule mshale. Darasani yeye ndiye aliyeusoma kwa sauti, yeye aliyeacha shule akiwa hajui kugawanya. Siku moja alimnyanyua mtoto wake Dorothy mdomoni mwa pembe, mshale ukapanda taratibu, na Mwalimu akasema, "Mwanao anang'aa." Leonia alirudi nyumbani hajui anakanyaga wapi. Usiku ule alimsimulia mama mkwe wake kila kitu.

Alichota. Vilikuja vibonge vikavu, kisha vibichi, vimegandana na inzi. Mwisho kijiti kikanasa kitambaa. Alikivuta kwenye mwanga.

Kilikuwa kipande cha kanga chenye pindo jeusi na ua la korosho. Kanga hiyo aliichana mwenyewe, wiki aliyojifungua, akapata nepi.

Hapo alitapika kweli.

"Umemaliza?" Mwalimu aliuliza.

"Nimemaliza," alisema, akakikunja kitambaa ndani ya majani kabla Mwalimu hajakiona.

Mama Hilary, mama mkwe wake, alikuwa uani akibangua korosho, Dorothy amelala mgongoni pake. Ni yeye aliyemlea mtoto jioni za darasa, maana Hilary, mume wa Leonia, alikuwa mgambo huko mpakani. Leonia aliyafunua majani mbele yake.

"Mama, hiki ni nini?"

"Unakijua. Ulikichana mwenyewe."

"Umetia mavi ya mwanangu ndani ya pembe."

"Ya mjukuu wangu." Bibi hakuacha kubangua. "Dawa ikinajisiwa inakufa. Nilitia mara ya kwanza nikaona bado imekodoa, nikaongeza."

"Siyo dawa, Mama."

"Kwetu Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, alikuja bwana mmoja na chuma cha miguu mitatu. Akapima, akachungulia, akawapa watoto peremende. Ndege zilipokuja zilijua kila paa. Sasa wewe umempeleka mtoto mdomoni mwa chuma, chuma kikamjua kwa joto lake, na umerudi hapa unacheka."

Leonia aliiangalia mikono ya bibi, myeusi kwa mafuta ya maganda. Ndiyo iliyosonga ugali wa juzi, na wa jana.

"Watamchukua Mwalimu kwa sababu yako," alisema.

"Wamchukue. Ana kwao."

Neno hilo lilinuka kuliko koo la pembe. Leonia alimfungua mtoto mgongoni pa bibi, akaondoka naye, na jioni hiyo alikula mhogo mbichi alioumenya mwenyewe.

Jumamosi watu walijaa. Mwalimu aliielekeza pembe kwenye anga tupu, akalowesha gunia, na mshale ukashuka, ukashuka, ukalala. Pembe ikainamishwa, Mwenyekiti Halfani akaitwa asimame mdomoni. Mshale ukainuka.

"Kumbe Mwenyekiti bado yu hai," mtu alisema nyuma, watu wakaangua kicheko.

Lakini Halfani alikuwa ameingiza kichwa. Alikitoa upesi, amekunja pua.

"Mwalimu, mbona huku ni chooni? Ndiyo siri yenyewe? Unaifanyisha kazi pembe yako kwa mavi ya watu?"

Kicheko kikafa. Wanawake walivuta watoto nyuma. Mtu alitamka neno mchawi, si kwa sauti kubwa, lakini likasikika. "Popo hao," Mwalimu alisema, maana hakujua zaidi ya hapo.

Leonia alimtafuta mama mkwe wake kwa macho. Alimwona kando, mkimbizi aliyepewa kiwanja na hawa hawa waliokunja nyuso, ameshika ncha ya kanga yake kwa meno. Akitajwa, angelala wapi?

"Ni ya Dorothy," Leonia alisema. "Yametoka nyumbani kwangu. Tuliziogopa ndege, tukaona tuiue pembe kwa uchafu. Mwalimu hana habari."

Jirani aliyesimama naye bega kwa bega alisogea hatua mbili, akatema mate chini.

"Na ulikuwa unasoma," alisema. "Na ulikuwa unatuzidi."

Halfani aliwatazama wajumbe wake, akautazama mshale. "Kinasikia tu, tumeona. Kibaki. Lakini aliyechafua atasafisha, kwa maji ya nyumbani kwake. Maji ya kijiji hayatagusa mavi."

Leonia alishika njia ya bondeni na ndoo, Dorothy mgongoni. Nyuma yake alisikia nyayo na ndoo nyingine. Hakugeuka. Walishuka hivyo, wakachota, wakapanda hivyo.

Aliliosha koo mpaka maji yakatoka meupe. Alipomaliza alinyoosha mikono, na Mama Hilary akammiminia maji yaliyobaki kwenye ndoo yake, yale ya kupikia.

"Sugua na majivu," bibi alisema.

Alisugua. Alinusa vidole. Bado.

Dorothy alipolia, Leonia alikaa chini ya mdomo wa pembe akamnyonyesha, amemkumbatia kwa viwiko, viganja amevitenga mbali kama vya mtu mwingine. Mama Hilary alisimama akiangalia saa ya Mwalimu.

"Mshale umelala?" aliuliza.

Leonia aliutazama mshale. "Umelala, Mama," akasema, na uso wake akaugeuzia upande upepo ulikotoka, harufu isimfikie.