Chama Kilichommiliki Nyambura

Jumamosi hiyo Peris alitoka shifti katika nyumba ya wazee, akanunua maziwa na dania pale Kingsbury Road, London, akapanda ngazi kumchukua binti yake. Nyambura alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa amelala kwenye kochi na simu kifuani.

"Vaa viatu, Kocha anangoja chini."

Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba anavaa. Hakuvaa. Peris akapiga magoti akamvalisha soksi moja, vile alivyokuwa akimvalisha akienda chekechea, na mtoto akaona haya akavaa ya pili mwenyewe.

Kocha alikuwa Griffins, mtu wa Kisumu, ambaye Jumapili baada ya ibada aliwafundisha watoto wa Wakenya kukimbia bustanini. Alikuwa amemwona Nyambura akiwapita wote, hata wavulana wakubwa.

"Mama Nyambura," akasema wakiwa garini, "hiyo ni damu. Hiyo haifundishwi."

"Mimi ni wa Murang'a, Kocha. Kwetu tunakimbilia gari la maziwa tu."

"Na baba yake?"

"Baba yake alikimbia mara moja, na ni sisi alikuwa anatukimbia."

Griffins alicheka mpaka akapitiliza kona.

Walikuwa wanaenda kwenye maabara ya farasi wa mashindano, nje kidogo ya London. Kipimo cha urithi cha watoto, Griffins alieleza, kina maswali mengi na umri unaangaliwa. Cha farasi hakina maswali. Mate ni mate. Na shule za bweni zenye uwanja mzuri hupewa majina ya watoto wengi kila mwaka, kwa hivyo mtoto mwenye kitu cha kuonyesha ndiye anayechukuliwa. Peris hakubisha. Mgongo wake ulikuwa umechoka kwa kuinua wazee, na hakutaka mtoto wake aje kuinua mtu.

Dokta Anne-Marie, mama wa Kizungu mwenye sauti ya pole, alimpangusa Nyambura ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, akakaa kwenye kompyuta. Alikuwa anauliza bila kuinua macho. Jina. Rangi. Kisha akauliza, "Dam?"

Peris alifurahi kidogo. Wako Wazungu waliokaa Kenya wakajifunza Kiswahili, ila mwisho wa neno huwaponyoka.

"Ni yangu," akajibu. "Damu ni yangu."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe, daktari."

Anne-Marie akaandika. Kwa watu wa farasi neno lile maana yake ni farasi jike aliyezaa. Kompyuta ilikubali bila shida. Tangu hapo Peris alikuwa farasi jike, mkazi wa Kingsbury, na Nyambura alikuwa mwanawe.

Majibu yalikuja kwa simu ya Griffins. Farasi, Anne-Marie alisema, ana mahali fulani katika urithi wake panapohusika na ukuaji wa misuli, na hapo ana herufi mbili, moja ya mama na moja ya baba. Wenye T mbili mara nyingi hufaa mbio ndefu. Wenye C mbili hufaa mbio fupi, na huwa tayari mapema, wakiwa bado wadogo. Nyambura alikuwa na C mbili.

"Mkenya wa mbio fupi," Griffins akasema, kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. Lakini alifikiri kidogo, akachangamka. "Si neno. Wa mbio fupi hawangojwi kukua."

Anne-Marie alikuwa bado anaongea. Alikuwa anasema kwamba herufi si kila kitu, kuna chakula, kuna usingizi, kuna mwalimu, kuna bahati. Griffins alikuwa ameshakata simu.

Wiki iliyofuata vidole vya miguu vya Nyambura vilishikana, ikawa kwato moja kila mguu, nyeusi na safi. Mikono ilibaki mikono, kwa hivyo aliendelea na simu yake. Peris alimpeleka kwenye duka la viatu la Hemant, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru na ambaye Kiswahili chake hakijawahi kuhama kule. Hemant alivaa miwani, akapima kwato moja, akapima ya pili.

"Mama, mimi iko na viatu ya kila mtu. Ya hii hapana. Lakini kwa nini wewe nasumbuka? Shule nataka nyeusi. Hii iko nyeusi."

Shule haikusema kitu. Jirani wa chini ndiye aliyelalamika juu ya kelele, na Peris akatandika zulia la pili. Nyambura akaanza kulala amesimama, paji la uso likiegemea kabati. Aliacha chapati, akataka uji wa shayiri na karoti mbichi. Peris alimpikia. Farasi wote wa mashindano hutimiza mwaka tarehe moja Januari, siku yoyote waliyozaliwa, na Nyambura naye, aliyezaliwa Agosti, akaongezewa mwaka asubuhi hiyo. Alisema kwa Kiingereza kwamba hajisikii mkubwa.

Sasa, farasi wa mashindano ni lazima awe na mwenyewe. Wakenya wa kanisa lao walikuwa na chama cha mazishi, cha kusaidia maiti isafirishwe nyumbani. Mwaka huo hakuna mtu aliyekuwa amekufa na chama kilikuwa kimekaa bure. Griffins alisimama wakati wa chai akapendekeza kimchukue Nyambura. Watu walipiga makofi. Kila mwanachama akapata kipande chake. Placida, mke wa mzee wa kanisa, alipata goti la kushoto na sehemu ya paja, na tangu siku hiyo alikuwa akimsalimu Nyambura kwa kuliangalia goti kwanza.

"Mnalitunza vizuri hili?" alikuwa anauliza.

"Tunalitunza, Mama Placida," Peris alikuwa anajibu. Peris mwenyewe hakupata kipande. Mama aliyemzaa farasi hawi mwanachama. Ndivyo ilivyo kila mahali, Griffins alisema, hata kwa farasi wa kifalme.

Mwezi wa nne Nyambura akaanza kushuka ngazi kwa upande.

"Inauma hapa, Mum," akasema, akigusa mfupa wa mbele chini ya goti. Lile neno la kuumwa alilisema kwa Kiswahili, na Peris akaweka sufuria chini.

Alimpeleka kwa Anne-Marie. Anne-Marie aliutazama mfupa kwenye picha ya eksirei. Halafu akaeleza taratibu. Misuli ya mtoto huyu imewahi, kama herufi zake zilivyosema. Lakini mfupa haukusoma herufi hizo. Mfupa unakua kwa mwendo wake, na huu haujafunga. Nyama inavuta na mfupa bado ni mbichi.

"Sasa nifanye nini, daktari?"

"Apumzike. Lakini si mimi wa kuamua. Mwenyewe ni nani?"

Peris alienda kwenye chama. Walikuwa wanakunywa chai na mandazi katika ukumbi wa kanisa, na mbio za kwanza za Nyambura zilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo.

"Asikimbie," Peris akasema. "Namuomba kila mtu hapa. Mguu haujakomaa."

"Mama Nyambura," Griffins akasema kwa upole, "wote wanaumwa umri huu. Ni ukuaji."

"Kocha, wewe una mtoto?"

"Watoto wangu ni hawa wote."

Watu wakacheka, kwa sababu alikuwa mcheshi. Mwenyekiti akasema jambo lipigiwe kura, kwa kuwa hicho ni chama na si soko. Wanaotaka akimbie wainue mikono. Mikono ikainuliwa. Peris naye aliinua wake kusema hapana, na mwenyekiti akamwomba radhi, akamkumbusha kwamba yeye ni farasi jike. Peris akaushusha. Mtu akampa kikombe cha chai, kwa kuwa alionekana amechoka, na alikuwa amechoka kweli.

Alifikiria kumficha. Alifikiria nyumba ya dada yake kule Rayners Lane. Lakini mtoto mwenyewe, alipoambiwa, alisema anataka kukimbia. Wote wanamngoja, akasema. Hata wale wasichana wa darasani waliokuwa wakimcheka wanamngoja. Mama anayesoma haya ajue kwamba hapo ndipo pagumu kuliko pote. Si Griffins, si chama. Ni mtoto akikuambia nataka.

Jumamosi ilikuwa na jua. Wanachama walikuja kwa basi la kukodi, na kofia, na vyakula kwenye mifuko. Kwa kuwa mgongo wa Nyambura ulikuwa bado wa mtoto, aliruhusiwa kukimbia bila mpandaji, lakini alifungwa mkanda wenye vipande vya madini ya risasi ili uzito wake ulingane na wa wengine. Fundi wa kwato alimpigilia vyuma vipya vyepesi. Alisimama kati ya farasi weusi na wekundu, nywele zimesukwa mistari, akawapungia wanachama mkono.

Walipoachiliwa alitoka kama maji yaliyofunguliwa. Placida alipiga kelele mpaka kofia ikaanguka. Nyambura aliwapita farasi wote kabla ya katikati, akafika wa kwanza, na hatua chache baada ya mstari mguu wa kushoto ukavunjika. Ulisikika mpaka kwenye viti. Griffins alikuwa ameshakumbatiana na mwenyekiti.

Wakaja watu na mapazia ya kijani, wakamzungushia. Ndivyo wanavyofanya ili wanaotazama wasiharibikiwe na siku. Peris alipita chini ya pazia. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa farasi jike anaruhusiwa kwa mwanawe. Alikaa kwenye majani akaweka kichwa cha Nyambura mapajani. Daktari wa mifugo alikuwa na sindano ya kulaza farasi asiamke tena, tayari mkononi, na simu sikioni, anangoja kauli ya wenyewe.

"Mum," Nyambura akasema, "nilishinda?"

"Nyamaza, mama. Nyamaza."

Wanachama walikuwa wanapiga kura upande wa pili wa pazia. Peris alisikia majina yakisomwa, na wengine wakiulizana kama kura ni ya sindano au ya kukataa sindano. Mwishowe Griffins alichungulia. Chama kimeamua, akasema, kwa kuwa hataweza tena kukimbia, kimrudishe kwa mama yake. Alisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi. Daktari akaifunika sindano, akaenda kwa farasi mwingine.

Nyambura alifungwa plasta. Kwato hazikuondoka, wala wao hawakungoja ziondoke. Anaenda shule kwa magongo, na ngazi za pale nyumbani Peris humbeba mgongoni, kwato zikigonga ukuta. Mifupa imeunga vibaya kidogo. Anne-Marie alituma salamu za pole.

Jumapili moja, miezi michache baadaye, Griffins alikuwa na meza ya kuandikisha watoto ukumbini, na wazazi walikuwa wamepanga foleni na watoto wao. Chama kilikuwa kimeongeza wanachama. Peris alisimama pembeni ya foleni akamweleza kila mzazi, kwa zamu, habari ya mguu. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kwa sababu nyingine hakuwa nayo. Walimsikiliza kwa heshima. Wengine walimshika mkono.

Placida alikuwa na mjukuu wake, msichana mwenye miguu mirefu.

"Pole sana, Mama Nyambura," akasema. "Tunamwombea kila siku. Lakini wako si alishinda?"

Peris alifikiri kama kuna jibu lingine.

"Alishinda," akasema.

"Haya basi." Placida akamnyoosha mjukuu kola ya gauni, wakasogea mbele.