Raia Arobaini na Mmoja

Roswitha Gfrerer alikata simu akaibwaga mezani. Karani wa chama alikuwa amemweleza mara tatu, kwa upole uliozidi kumchosha: sensa imetoka, jimbo lao limepoteza kiti kimoja katika Baraza la Majimbo kule Vienna, na kwa kuwa jina lake ndilo la mwisho kwenye orodha, baada ya uchaguzi ujao yeye ndiye atakayefungasha virago. Miaka kumi na minane ya kudamkia treni kila Jumatano, halafu iishe kwa simu ya dakika nne.

"Tumepungukiwa arobaini na mmoja tu," alimwambia mumewe, aliyekuwa jikoni akiviringisha madonge ya ini ya kutia kwenye supu. "Na bonde lenyewe limejaa hadi pa kuegesha gari hakuna."

"Sasa wamepunguaje?"

"Hawahesabu watu, Korbinian. Wanahesabu raia."

Korbinian, mzaliwa wa Bavaria, Ujerumani, aliyevuka mpaka kuja kumwoa miaka thelathini na moja iliyopita, akazidi kuinamia bakuli lake.

Roswitha alishaanza kuwahesabu kwa vidole: daktari wa meno, mwenye duka la baiskeli, wale ndugu wawili wa hoteli. Wajerumani watupu. Wameoa hapa, wamezaa hapa, wanalalamikia barabara kuliko wenyeji, na hakuna aliyejisumbua kuomba uraia. Alipofika kidole cha tano, akamgeukia mumewe.

"Na wewe."

"Mimi ni mmoja tu, mama. Bado arobaini."

"Usinichezee. Fomu nilikujazia mwenyewe, mara tatu. Ilibaki sahihi tu, ukaniambia zimepotea."

Jicho la Korbinian likakimbilia droo ya vitambaa vya meza; Roswitha akaivuta. Zilikuwa chini kabisa, zote tatu, zimekunjwa vizuri. Hasira zikampanda hadi masikio yakawaka. Miaka yote hiyo alisimama barazani kule Vienna akisema "watu wangu", kumbe anayelala naye kitanda kimoja hakuwemo.

"Kwa nini, bwana?"

Korbinian alinawa mikono, akaikausha polepole.

"Kwa hiyo Jumatano utakuwa nyumbani?" aliuliza, na furaha ikamshinda kuificha.

Roswitha alitamani kumrushia zile fomu usoni. Akajikuta ameketi.

"Jumatano zote hizo ulikuwa unakula nini?"

"Mkate," alisema. "Nani apike madonge ya mtu mmoja?"