Bwana Zima na Stesheni ya Mvita

Mwaka huu wa hamsini na tisa, ukipita Barabara ya Tisa pale Ngamiani saa za jioni, huna haja ya kubeba redio yako. Utaianza habari kwenye baraza hii na kuimalizia kwenye baraza ile. Bi Mwanasiti naye anayo ya kwake, ameivalisha kitambaa cha kufuma na hairuhusu ishikwe na mkono wenye mafuta. Lakini mguse na stori za redio uone. Hiyo ya leo ataiacha hapo hapo, akurudishe mwaka wa hamsini na nne, mtaa mzima ulipokuwa na redio moja tu, nayo ikiwa ya Fanueli. Hapo kaa utulie, maana hamalizi upesi, na kukatizwa hataki. Kukatizwa ndiyo habari yenyewe.

Fanueli alikuwa kijana wa Kishambaa kutoka Bumbuli, Mlutheri, fundi katika karakana ya relwe. Alipanga nyumba ya pili, na kati yake na Mwanasiti palikuwa na ua wa makuti tu. Redio yake ilikuwa ya betri, na waya wake ulipanda juu ya mpapai. Dar es Salaam walikuwa na stesheni yao, Unguja yao, lakini Mselem, mume wa Mwanasiti, fundi wa kanzu, aliijua moja peke yake: Sauti ya Mvita, ile ya Mombasa. Akishaswali magharibi huyoo kwa Fanueli, kigoda chini ya dirisha. Kwanza husomwa Kurani, kisha habari, kisha nyimbo za udi na fidla. Zikiisha hurudi kwake na wimbo mdomoni.

Na alivyokuwa akiuharibu huo wimbo, Mungu amrehemu. Maneno ya ubeti wa kwanza aliyatia wa tatu, wa pili hakuujua kabisa, na sauti aliipandisha pale ambapo mwenyewe mwimbaji ameishusha. Mwanasiti hucheka mpaka akaweka mwiko chini. Stesheni ya Mvita aliijua hivyo, kwa mdomo wa mumewe, na hakuona kwamba amepungukiwa na kitu.

Mselem akashikwa na homa, siku tatu, ya nne wakamzika.

Mwanasiti akawa kizuka. Miezi minne na siku kumi za eda, hatoki, hajipambi, hajitii manukato, hazungumzi na mwanamume wa kando. Mtaa ulikuja, ukalia, ukala, ukaondoka, kama mitaa yote. Akabaki na dada yake Sabiha, aliyekuja asubuhi na jioni kumletea chakula na habari za nje.

Siku ya nane, baada ya magharibi, redio ya Fanueli ikasikika. Safari hii ilikuwa karibu zaidi na sauti yake imekolea, hata msomaji alipovuta pumzi Mwanasiti alimsikia. Kurani ikasomwa, naye akaitikia dua kwa machozi. Zikaja habari. Kisha wapigaji wakaanza kukaza nyuzi, fidla ikavuta mara moja, na redio ikanyamaza.

Alidhani betri zimekufa. Kesho yake ikawa vile vile: Kurani, habari, fidla ikivuta tu, kimya. Siku ya tatu akaelewa kwamba betri hazina kosa. Kuna mkono unaozima.

Hapo mie simtetei, alikasirika kweli. Katika dunia nzima alikuwa akitaka kitu kimoja, wimbo mmoja mpaka mwisho. Hakuutaka kwa kuchezea. Mselem wake alikuwamo ndani ya nyimbo zile. Alitaka ausikie ulivyo, kisha auharibu mwenyewe, polepole, kama marehemu alivyokuwa akiuharibu. Alikuwa amemkosa mumewe mpaka mifupa inamuuma. Lakini atamwambia nani? Kizuka aombe apigiwe fidla? Angesemwa mpaka Pongwe.

Basi akasema jingine. Sabiha alipoleta uji, akamwambia, "Huyu jirani yetu ana mkono wa birika, sijapata kuona. Wimbo ukianza tu, anazima. Kumbe betri anazionea huruma kuliko watu."

"Labda nyimbo zetu hazipendi," Sabiha akasema.

"Hazipendi wapi. Mchoyo tu. Bwana Zima yule."

Kizuka miguu imefungwa, lakini ulimi haukufungwa na mtu. Sabiha alitoka na jina lile amelibana mdomoni akicheka, na kufika Ijumaa lilikuwa bombani kwa wanawake wachota maji. Wiki ya pili likaingia karakana. Fanueli akawa hapiti mahali ila anaulizwa, "Bwana Zima, betri hazijambo?" Naye hujibu hazijambo, akaenda zake. Jioni ikifika, Kurani, habari, kimya. Miezi minne hivyo hivyo, na Mwanasiti kila jioni akimsonya nyuma ya ua.

Eda ikaisha. Akaogeshwa, akavaa leso mpya, nyumba ikafukizwa udi, mikate ya kumimina ikapikwa. Mwalimu Idarusi, mwenye chuo cha Kurani pale mtaani, akaja kusoma dua. Alipomaliza akapewa kahawa, akasema, "Na huyo jirani yako, Bi Mwanasiti, Mungu amlipe kheri."

"Jirani yupi?" Mwanasiti akauliza.

"Huyu kijana wa relwe. Siku ya nane ya msiba alinijia chuoni, akavua viatu mlangoni, akauliza mambo matatu. Je, ni vibaya kizuka kusikia Kurani kutoka redio ya Mkristo? Nikamwambia Kurani ni Kurani. Je, habari? Nikamwambia habari hazina ubaya. Je, nyimbo? Nikamwambia nyimbo kwenye nyumba ya msiba si adabu. Akasema, basi zikianza nitazima. Jioni ile akaitoa redio mezani kwake, akaiweka dirishani, imeelekea kwako."

Mwanasiti alimtazama mwalimu, na kwa kitambo kidogo tu alitamani kummwagia ile kahawa. Kumbe mzimaji mwenyewe ni huyu hapa, anakunywa kwenye kikombe chake. Kisha haya ikamshuka kutoka utosini hadi kwenye nyayo. Miezi minne mtu wa watu anamfariji, naye anamtukana.

"Na kesho anaondoka," Sabiha akasema kwa sauti ndogo. "Amehamishiwa Moshi. Treni ya asubuhi."

Mwanasiti akasimama. Kijana wa watu aondoke Tanga na jina lile mgongoni? Asingelala. Alichukua sinia la mikate akatoka, na hakupita kwenye mwanya wa ua. Alizunguka barabarani, mbele ya bomba, wanawake wote wakimwona.

Fanueli alikuwa mlangoni akifunga sanduku kwa kamba. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapa nilipo." Akageukia bombani. "Nyie, tueni ndoo mnisikilize. Jina la Bwana Zima nimelitunga mimi, Mwanasiti binti Hatibu, na nimelitunga kwa ujinga wangu. Huyu hakuzima kwa uchoyo. Alizima kwa heshima ya mume wangu. Betri zake zote zimeishia kwenye msiba wangu. Kuanzia leo, mwenye kumwita jina hilo aje aniite mimi."

Bombani maji yakafurika ndoo ya mtu na hakuna aliyeyafunga. Mwanasiti akamgeukia kijana, akamnyooshea sinia. "Nisamehe, mwanangu."

Fanueli alipokea sinia kwanza. "Mama, jina lile nililisikia zamani."

"Na hukukasirika?"

"Nilifurahi."

Mwanasiti akadhani anachezewa.

"Mzee alikuwa akisikiliza hapa, halafu anakuletea ndani," Fanueli akasema. "Nilikuwa nikimsikia anakuimbia. Alipofariki nikaona sasa hakuna wa kukupelekea. Nikaiweka dirishani. Lakini sikujua kama inafika, na kukuuliza haifai. Nilikuwa kama mtu anayeyapigia redio makuti ya ua. Halafu siku moja karakana wakaniita Bwana Zima, wakasema jina limetoka kwa kizuka. Nikajua inafika. Asiyesikia redio hawezi kujua imezimwa."

Hapo Mwanasiti alilia, mbele ya watu, bila kujifunika. Alilia akimshukuru Mungu kwa jirani, na kwa Mselem, na hata kwa ulimi wake mwenyewe mrefu. Alipopata pumzi akamwambia ukweli ambao hajamwambia hata Sabiha. "Mwanangu, mie nilizitaka zile nyimbo."

Fanueli alimtazama, akatazama sanduku, akaanza kuifungua ile kamba. Redio ikatoka, waya ukarudi juu ya mpapai. Jioni ile ikasomwa Kurani, zikaja habari, na fidla ilipovuta, mkono wa Fanueli ukaenda kwenye swichi kwa mazoea.

"Thubutu," akasema Mwanasiti.

Wimbo ukapigwa mpaka mwisho, na mwingine, na mwingine, wanawake wa bombani wamekalia ndoo zao. Wa mwisho Mwanasiti aliuimba mwenyewe, maneno ya ubeti wa kwanza akayatia wa tatu, sauti akaipandisha pasipopandishwa. Wengine walicheka. Fanueli aliinamisha kichwa, maana aliijua namna ile ya kuimba, aliizoea kuisikia ng'ambo ya ua.

Asubuhi treni ikamchukua.

Mpaka leo Bi Mwanasiti huitafuta Sauti ya Mvita kila magharibi, na redio huiweka dirishani, sauti juu. Mpangaji mpya wa nyumba ya pili akija kumlalamikia kwamba mama, redio yako inatufikia mpaka chumbani, yeye humjibu, "Alhamdulillahi. Kumbe inafika."